Niko na picha ya vocha ya zahanati iliyoachwa njiani: nianzie wapi bila kumchoma aliyenitumia?

Swali: Mwalimu habari yako. Mimi ni korespondenti wa redio, nafanyia kaunti moja huku magharibi. Kwa wodi yetu kuna zahanati ilijengwa mpaka usawa wa dirisha ikaachwa, sai nyasi imeota ndani. Sasa kuna mtu wa ofisi ya fedha amenitumia kwa WhatsApp picha ya vocha ya malipo inaonyesha kontrakta alilipwa pesa yote. Nilipouliza tu kidogo, mtu wa mawasiliano wa kaunti akanipigia akaniambia niachane na hiyo maneno, na edita wangu anasema kaunti ndio inatupea matangazo. Nianzie wapi, na huyu mtu wangu nitamlinda aje?

Jibu: Dadangu, ya kwanza kabisa, hiyo picha usiiposti, usiisome hewani, usiiforwadi kwa grupu ya waandishi, na hata edita usimtumie kwanza, mwonyeshe uso kwa uso kama ni lazima. Najua inawasha mkono, mtu akipata karatasi kama hiyo anaona stori imeisha, lakini hapo ndio inaanza, na ukiitoa hivyo leo kesho asubuhi mtu wako atakuwa ameitwa ofisini.

Fikiria tu vocha ya kaunti inapita kwa mikono ya nani. Idara inaandaa, mkaguzi wa ndani anaangalia, mhasibu anaandika, kuna wa kuingiza kwa IFMIS, ule mfumo wa kompyuta wa pesa za serikali, na wa kuidhinisha, halafu chifu ofisa, yaani mkuu wa idara, anaweka sahihi. Hao ni watu wachache sana, mtu mwenye hasira anaweza kuwahesabu kwa vidole kabla ya saa ya chai. Na picha yenyewe inaongea zaidi ya vile unadhani, juu karatasi ikichapishwa kutoka kwa mfumo mara nyingi huwa na jina la aliyechapisha na saa yake huko chini, kuna muhuri ambao haujakaa vizuri, kuna alama ya kalamu, kuna pembe ya meza na kikombe. Kama ilipigwa kabla ya sahihi ya mwisho kuwekwa basi unajua ilikuwa kwa meza ya nani siku hiyo, na wao pia watajua.

Kwa hivyo hiyo vocha ichukue kama ramani ya kukuonyesha njia, wewe mwenyewe utembee. Kazi yako ni kutafuta kila kitu kilichoandikwa hapo, jina la kampuni, namba ya tenda, kiasi, tarehe, kutoka mahali pengine ambapo mwananchi yeyote angeweza kukipata, mpaka siku utakapotoa stori isimame yenyewe hata kama hiyo picha haikuwahi kuzaliwa. Nasema hivi kila nikikaa na waandishi wachanga, Kisumu ama Nakuru, na naona wengine wanachoka wakisikia ni kazi ya wiki nyingi, lakini hakuna njia nyingine ninayoiamini.

Nchi hii tunajua mtoa siri huishia wapi. David Munyakei alikuwa karani Benki Kuu, yeye ndiye aliona malipo ya Goldenberg, ule ufisadi mkubwa wa pesa za umma, hayaeleweki akapeleka karatasi kwa wabunge wa upinzani mwaka wa 1993, mmoja wao akiwa Anyang' Nyong'o ambaye baadaye alikuja kuwa gavana wa Kisumu. Wabunge walipata sifa na nchi ikajua ukweli. Munyakei alikamatwa, kesi ikaondolewa, akafutwa kazi, na akafa 2006 akiwa maskini. Ukitaka kujua kwa nini mimi ni mkali kwa hili jambo, ni huyo. Sheria ziko kidogo, kifungu cha 65 cha sheria ya kupambana na ufisadi ya 2003 kinalinda anayetoa habari kwa wachunguzi, na kifungu cha 16 cha sheria ya upatikanaji wa taarifa ya 2016 kinasema mtu asiadhibiwe kazini kwa kufichua jambo la manufaa kwa umma, lakini mswada kamili wa kulinda wafichuzi umezungushwa miaka na miaka, na kifungu kwa karatasi hakimlipii mtu rent akisimamishwa kazi. Ulinzi wake mkubwa ni wewe.

Mwambie asikae na hiyo picha kwa simu yake ya kazi. Msipigiane simu ovyo, manake hata kama hakuna mtu anasikia mnachosema, rekodi ya nani alimpigia nani saa ngapi iko kwa kampuni ya simu na inaweza kuombwa. Usimsevu kwa jina na kazi yake. Msikutane kwa zile hoteli za karibu na makao makuu ya kaunti ambapo kila mtu wa kaunti anakunywa chai saa nne. Wewe ni mtu wa huku, unajua Jumamosi kwa matanga kila mtu anaongea na kila mtu na hakuna anayeshangaa, hapo dakika kumi zinatosha. Na mwulize wazi ni nini anakubali kitumike na nini hapana, umwambie pia hatari bila kuficha, yeye ndiye anaamua.

Sasa karatasi. Anza na bajeti ya kaunti na mpango wa maendeleo wa kila mwaka, hizo ni za umma, zikikosekana kwa tovuti nenda kwa karani wa bunge la kaunti, utafute hiyo zahanati ilitengewa pesa mwaka gani na ngapi, na kama ilirudiwa mwaka uliofuata kwa jina lingine, hiyo michezo iko sana. Halafu tenda. Sheria ya manunuzi ya umma ya 2015 inataka mikataba iliyotolewa itangazwe, na kuna tovuti ya serikali ya tenda ambapo unaweza kupata nani alipewa na kwa bei gani, haijajazwa vizuri na kaunti zote lakini angalia. Ukipata jina la kampuni, lipia CR12, ile hati ya usajili wa kampuni, kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, uone wakurugenzi na wenye hisa, uangalie kampuni iliandikishwa lini, kama imezaliwa muda mfupi tu kabla ya tenda hiyo ni swali la kuuliza, si jibu, kumbuka hivyo. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu Nancy Gathungu, kwa kila kaunti, kila mwaka wa fedha, hizo zisome kabisa mpaka kurasa za nyuma, juu wakaguzi wake huenda kwa miradi wenyewe wakaangalia kwa macho, na mara nyingi ule mradi unaolilia umeshaandikwa kwa aya mbili ambazo hakuna mtu aliwahi kuzisoma hewani. Ripoti ikishapelekwa bungeni na ukairipoti kwa haki na usahihi, uko mahali pazuri zaidi kisheria kuliko kusema umeambiwa na mtu.

Kitu moja kwa hiyo sheria ya manunuzi ushike sana. Kabla kontrakta alipwe lazima kuwe na kamati ya ukaguzi na upokezi, imeandikwa kifungu cha 48, ithibitishe kwamba kazi imeangaliwa na imekubaliwa. Kwa hivyo kama pesa yote imelipwa na ukuta uko dirishani, kuna watu waliweka sahihi kwamba walienda wakaona jengo limekamilika. Hiyo sahihi ndio stori yako. Kusema pesa zimeliwa ni rahisi, kila mtu sokoni anasema na gavana anakaa raha, lakini ukionyesha kamati fulani ilithibitisha tarehe fulani paa ambalo halipo, hapo mtu mwenye jina ana swali la kujibu.

Graundi ndio penye utajiri na ndio waandishi wengi hupita haraka, wanapiga picha wanarudi. Kaa pale. Anayedaiwa hunyamaza lakini anayedai huongea, kwa hivyo tafuta mwenye hardware ya sokoni aliyetoa saruji kwa mkopo, yeye ana kitabu, ana tarehe, anajua mifuko mingapi ilitoka na siku gani lori liliacha kuja. Tafuta vibarua ambao hawakulipwa wiki za mwisho, mama aliyekuwa akiwapikia, mlinzi wa saiti, na ile kamati ya mradi ya wanakijiji ambayo iliundwa siku ya uzinduzi watu wakapigwa picha, waulize ni nani kati yao aliwahi kuonyeshwa BQ, ile orodha ya kazi, vifaa na bei zake. Wengi watakuambia hakuna. Halafu omba fundi mkubwa ama kwantiti savea ambaye hana kazi na hiyo kaunti aje akuambie kilichosimama pale ni kazi ya kiasi gani kwa bei za wakati huo. Piga picha zenye tarehe na mahali, urudi tena baada ya muda upige kutoka pembe ile ile, juu stori za namna hii zikinuka tu utaona mchanga umeanza kumwagwa usiku.

Nikupe mfano wa karibu. Mwaka wa 2024 mbolea feki ilikuwa inauziwa wakulima kupitia mpango wa ruzuku wa serikali, na wakulima wa huku kwa mahindi, Trans Nzoia, Uasin Gishu mpaka Nakuru, walikuwa na uchungu. Malalamiko tu yangekanushwa yakaisha. Waandishi wa Africa Uncensored wakafuata mifuko yenyewe na kilichokuwa ndani yake, wakapima, wakafuata kampuni na njia ya kuingia kwa maghala. Baada ya hapo bunge likapitisha hoja ya kumwondoa waziri wa kilimo Mithika Linturi, kamati ikaja ikamwondolea lawama, kisha Julai karibu baraza lote la mawaziri likavunjwa na yeye hakurudi. Mimi sisemi kila kitu kilinyooka, wakulima walipoteza msimu na msimu haurudi. Nasema hakuna aliyeweza kusimama akasema mfuko ulikuwa uongo wa gazeti.

Kwa hiyo zahanati yako kuna karatasi hazitapatikana kwa tovuti, kama cheti cha ukaguzi na vyeti vya malipo. Hapo ndio unatumia Kifungu cha 35 cha Katiba na ile sheria ya taarifa ya 2016. Unaandika barua, kwa Kiswahili ama Kiingereza, sheria imeruhusu zote mbili, haulipi kitu kuomba ila gharama ya kutoa kopi, na sababu yako ya kutaka haiwezi kukunyima hiyo haki. Wana siku 21 za kujibu, wanaweza kuongeza zisizozidi 14 kama ni karatasi nyingi, na wakinyamaza sheria inahesabu kwamba wamekataa, hapo una siku 30 kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, wengi wanaiita Ombudsman, iko na ofisi Kisumu, na Huduma Centre pia wanaweza kukuelekeza. Hii haki ni ya raia, kwa hivyo andika kwa jina lako na namba yako ya kitambulisho badala ya letahedi ya redio, inamwondolea edita mzigo pia. Na usimtume mwanakijiji aweke sahihi kwa niaba yako ili wewe ujifiche, huyo hana kadi ya press wala wa kumpigia simu akisumbuliwa.

Na hapa sasa sikiliza vizuri. Usiombe hiyo zahanati peke yake! Ukiomba vyeti vya zahanati moja tu, kampuni moja, malipo moja, umewaambia una nini mkononi na umewapeleka moja kwa moja kwa mtu wako. Omba zahanati zote zilizotengewa pesa kwa sub-kaunti nzima kwa miaka mitatu ya fedha. Ombi linakuwa la kawaida, hiyo yako inaingia katikati ya zingine, na mara nyingi ukizipata unakuta haikuwa moja.

Ukishakusanya, peleka maswali kwa kila utakayemtaja, kontrakta, chifu ofisa, mtu wa mawasiliano aliyekupigia, MCA, mjumbe wa bunge la kaunti, kama anahusika. Kwa maandishi, maswali yenye namba na tarehe, si yale ya unasema nini kuhusu madai, na uwape siku za kutosha kujibu. Weka rekodi ya kila jaribio. Wakijibu soma jibu lao hewani lote kwa haki, hata kama linakuharibia kichwa cha stori, kwa sababu siku ingine jibu huwa la kweli, labda kulikuwa na kesi ya ardhi ikasimamisha kazi na pesa iko kwa akaunti. Bora ulijue kabla. Pia ndio kinga yako kwa kesi ya kuchafua jina, ambayo sai ni madai ya fidia, juu kosa la jinai la kashfa Mahakama Kuu ililifuta Februari 2017 kwa kesi ya Jacqueline Okuta. Polisi akikuambia anakushika kwa kumchafua mtu jina, mwulize kwa utulivu ni kifungu gani. Huenda akataja sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 na vipengele vyake vya habari za uongo, ile iliweka faini mpaka milioni 5 na kifungo, imepingwa kortini tangu ilipotoka, hiyo ndio sababu ingine ya kila neno lako kuwa na karatasi nyuma yake na wakili wa kupigia kabla ya kurusha.

Edita wako simlaumu, kituo kidogo bila matangazo ya kaunti ni mishahara ya watu. Lakini mwambie hii pesa ya matangazo ni pesa ya umma na yenyewe ina hesabu. Mwaka wa 2017 Katiba Institute, shirika la kutetea Katiba, waliuliza serikali kuu imetumia ngapi kwa matangazo ya kujisifu, wakanyimwa, wakaenda kortini, na Mahakama Kuu ikasema habari hizo zitolewe. Na Machi 2024 tuliona agizo la wizara kwamba matangazo ya serikali yaende KBC, stesheni ya serikali yenyewe, peke yake, yaani hicho ndicho kisu kinachotumika sai badala ya kufunga stesheni kama Januari 2018 walipozima Citizen, NTV na KTN. Njia ninayoipenda mimi ni kutotoa stori peke yako. Tafuta korespondenti wa gazeti, stesheni ya kaunti jirani, na chombo kimoja cha Nairobi, mkubaliane siku na saa moja, kila mtu na karatasi zile zile. Kaunti ikiwanyima matangazo nyinyi wote kwa siku moja, hiyo inakuwa habari ya pili, na wao wanajua. Kituo chako kikiogopa kabisa, waanze na ile ya Mkaguzi Mkuu, wasome tu aya zake kwa lugha ya nyumbani halafu wafungue simu.

Usalama wako wewe. Sitaki kukutisha lakini huku kwetu tumezika watu. Francis Nyaruri wa Nyamira alikuwa ameandika juu ya ufisadi ndani ya polisi, akapotea Januari 2009, mwili wake ukapatikana msitu wa Kodera. John Kituyi, edita wa Mirror Weekly Eldoret, aliuawa Aprili 30, 2015 akielekea nyumbani jioni. Nakuru Julai 2024 Catherine Wanjeri wa stesheni ya Kameme alipigwa risasi mguuni akiwa kazini kwa maandamano. Na Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu na bloga, alichukuliwa kutoka nyumbani Homa Bay mpaka Nairobi akafia mikononi mwa polisi juu ya posti, na kuna askari wameshtakiwa kwa mauaji. Kwa hivyo ile simu ya mtu wa mawasiliano iandike leo kwa daftari, saa, namba, maneno yake vile alivyoyasema. Ikija ingine ya vitisho nenda kituoni uandikishe upewe namba ya OB, lile daftari la matukio la polisi, na umwambie edita, Media Council na chama cha waandishi siku hiyo hiyo, si baada ya wiki. Kuwe na watu wawili wanaojua uko wapi kila ukienda saiti, na mmoja asiwe mwandishi. Badilisha njia ya kurudi nyumbani. Faili zako ziwe na kopi kwa mtu ambaye hakuna anayemjua kuwa rafiki yako. Ukishikwa una haki ya kunyamaza, ya wakili, na ya kufikishwa kortini ndani ya saa 24, na namba ya siri ya kufungua simu yako usimpe mtu kwa kuombwa vizuri, waje na amri ya korti.

Barua andika kesho, iwe fupi. Kwa Katibu wa Kaunti, nakala kwa chifu ofisa wa afya na wa fedha. Useme: mimi fulani, raia wa Kenya, kitambulisho namba fulani, chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2016 naomba nakala za mikataba, BQ, vyeti vya ukaguzi na upokezi, na vyeti vya malipo vya zahanati zote zilizotengewa pesa kwa sub-kaunti hii kwa miaka mitatu ya fedha iliyopita. Usieleze kitu kingine. Toa kopi mbili, peleka mwenyewe kwa mapokezi, na usiondoke mpaka wapige muhuri wa tarehe kwa kopi unayobaki nayo, juu siku 21 zinaanzia hapo, na Ombudsman kitu cha kwanza atakuuliza ni huo muhuri.